Sindano Zisizo na Kwao

Kengele alijiwekea kanuni moja kazini: alichokiona kwa macho akitaje kabla ya anachokidhani, na akitaje siku hiyohiyo. Aliifuata kwa wenzake, kwa wakubwa wake na hata kwa nafsi yake, jambo ambalo wengi wetu hulikwepa. Aliivunja mara moja tu, kwa ajili ya dada yake, na wa kwanza kuumia hakuwa yeye wala dada yake.

Jina hilo alipewa na wenzake katika chumba cha kufulia cha hospitali, na hakuna mgeni aliyehitaji kuelezwa sababu. Sauti yake ilimtangulia. Mtu akishuka zile ngazi kumi na nne za kwenda chini ya jengo, alimsikia yeye kwanza, ndipo akazisikia mashine, na mashine zenyewe zilikuwa nne, kubwa kiasi cha mtu kuingia na kukaa ndani. Alikuwa msimamizi wa wachambuaji. Hao walikuwa watu sita waliosimama kwenye meza ndefu ya chuma kutwa nzima, wakifungua mifuko ya nguo chafu kutoka wodini na kutenga shuka na shuka, taulo na taulo, magauni ya wagonjwa na vitambaa vya upasuaji. Mifuko ya kijani ilikuwa ya nguo za kawaida; myekundu ilikuwa ya nguo zenye damu. Ni kazi ambayo mgonjwa haioni na daktari haiulizii, lakini isipofanyika siku mbili hospitali nzima inanuka.

Ghorofa ya pili, juu yao, dada yake alikuwa muuguzi msimamizi wa wodi ya upasuaji. Walizaliwa wawili tu. Wazazi wao walifuatana kaburini ndani ya mwaka mmoja, mkubwa akiwa na miaka kumi na tisa, mdogo minane. Mkubwa ndiye aliyemvusha. Alimsuka nywele, alimpigia pasi sare ya shule, aliweka saini kwenye ripoti zake pale palipoandikwa "mzazi", na mdogo alipofikisha miaka ishirini alimshika mkono akampeleka kwa mkuu wa kufulia. "Huyu ni wangu," alisema. "Akikosea, niiteni mimi."

Kwa miaka kumi na tisa hakuitwa. Alipoitwa, chanzo kilikuwa sindano.

Sindano iliyotumika inapaswa kutupwa kwenye kasha lake papo hapo. Katika hospitali hiyo si zote zilizofika huko. Muuguzi aliyechoka aliiacha kitandani, mwingine akaja akaikunja shuka pamoja na vilivyomo, na mfuko ukashuka chini. Glavu za wachambuaji zilikuwa nene, za mpira, mpaka kwenye kiwiko, lakini sindano haina adabu kwa mpira. Karibu kila wiki mtu alichomwa. Wenyewe waliita kubusiwa. "Leo nimebusiwa," mtu alisema, na wengine wakamcheka na kumwambia hana mikono. Akakamua kidole chini ya bomba, akaitupa sindano kwenye kopo lililowahi kuwa la rangi ya ukuta, akarudi mezani.

Hakuna aliyepanda juu kuripoti. Fomu ya kuripoti iliuliza sindano imetoka wodi gani na kwa mgonjwa gani, nao hawakujua. Hawakujua kwa sababu moja nyepesi, tena ya aibu. Kila mfuko ulifika na lebo ya karatasi yenye jina la wodi, imefungwa shingoni, na jambo la kwanza alilofanya mchambuaji kila asubuhi lilikuwa kunyofoa lebo zote na kuzitupa. Lebo ikiingia mashineni huwa uji, na uji huziba chujio, na kuzibua chujio ni kazi ya nusu saa ukiwa umelala chali kwenye sakafu iliyoloa. Kwa hiyo walilinda chujio. Vidole hakuna aliyevilinda. Sindano zote za chumba kile zilikuwa hazina kwao, kana kwamba ziliteremka na mvua, na kwa kuwa hazikuwa na kwao, wa kulaumiwa alibaki yule aliyezishika.

Hata Kengele alilaumu hivyo. Jumatatu moja, mchambuaji waliyemwita Betri, kwa kuwa asubuhi alichelewa kuwaka na ikifika mchana hazimiki, alichomwa dole gumba akatoa tusi kubwa. Vitambaa vya chumba cha upasuaji vilikuwa vimechelewa, na simu ya kuvidai ilikuwa imelia mara tatu.

"Macho umeyaacha nyumbani?" Kengele alipiga kelele, akamcharaza shingoni kwa shuka iliyoloa.

Shuka iliyoloa ni nzito. Betri alianguka juu ya toroli, akapasuka juu ya jicho.

Katibu wa hospitali alimwita mkosaji, akamwita na dada yake, kama alivyotaka mwenyewe miaka kumi na tisa nyuma. Akawapa mambo mawili wachague: barua ya onyo la mwisho, au Jumatano nane za mafunzo ya utulivu wa akili, ambayo hospitali ilikuwa imeanza kuwapa wafanyakazi wenye hasira za karibu.

"Atakwenda," dada alijibu kabla mdogo wake hajafungua mdomo. "Asipokwenda nitamburuta mwenyewe."

Kule chini, Betri alilipokea jambo hilo akiwa na bandeji yake, na kwa furaha kubwa. "Yaani wanakufundisha kupumua? Umepumua miaka thelathini na tisa bila cheti! Mwezi ujao watakupeleka semina ya kumeza mate."

"Cheka tu. Shuka bado ninazo."

"Basi pumua, mama. Pumua haraka!"

Mkufunzi alikuwa askari magereza mstaafu, mrefu, mabega yameinama, viatu vinang'aa kama vya siku ya gwaride. Aliwakalisha watu wanane kwenye viti vya plastiki katika stoo ya zamani, akawaambia watulie, wausikilize mwili unavyovuta hewa na kuitoa, na mawazo yakikimbia wayarudishe pasipo kujigombeza. Kengele alifikiri atalala usingizi. Kisha mkufunzi akampa kila mtu taulo moja kuukuu na kumkazia macho yeye.

"Unaona nini?"

"Taulo chafu."

"Chafu ni hukumu. Nakuuliza unaona nini."

"Naona... taulo lililotumiwa na mtu mzembe."

Darasa likacheka. Mkufunzi hakucheka. "Huyo mtu yuko wapi? Nionyeshe."

"Hayupo."

"Basi humwoni. Unaona nini?"

Kengele alilishika lile taulo kama anayetaka kulipiga kofi. Akavuta pumzi, akaitoa. "Naona doa la kahawia. Kubwa kama kifuniko cha chupa. Naona uzi umechomoka pembeni. Naona... hapa katikati pamelika, kama panasuguliwa sana."

"Sasa umeanza kuona," alisema mkufunzi.

Jumatano ya tatu aliwaeleza ni kwa nini aliacha kirungu akaanza kufundisha. Kulikuwa na mfungwa aliyekuwa haitiki akiitwa. Aliitwa mara mbili, mara tatu, akageuza mgongo. "Niliona kiburi," mkufunzi alisema. "Nikampiga mpaka akaacha kusimama. Daktari alipokuja akaniambia mtu yule hasikii, masikio yake yalikufa utotoni. Mimi niliona kiburi, jamani. Kiburi hakikuwepo. Kilichokuwepo ni mgongo." Akaongeza, "Pumzi si dawa ya kitu chochote. Ni breki tu. Gari likisimama, bado dereva anapaswa kutazama nje, na akiona mtu amelala barabarani, ashuke."

Maneno hayo ndiyo aliyoyabeba Kengele, na kutokana nayo akajiwekea ile kanuni yake. Jumatano nane zilipokwisha alirudi kwenye meza ya chuma na kuanzisha utaratibu wake. Kabla toroli la kwanza halijafunguliwa, wote sita waweke viganja juu ya meza, wavute pumzi tatu za polepole, wautazame mfuko ulio mbele yao. Atakayechomwa asicheke na asichekwe. Aseme kwa sauti anachokiona. Na lebo isinyofolewe hadi mfuko uishe.

"Na chujio?" Betri aliuliza.

"Chujio nitalala chali mimi."

"Haya. Mtakatifu wetu wa mabomba."

Alilala chali mara nne mwezi wa kwanza. Mara ya tano Betri mwenyewe alishona kimfuko cha wavu, akakining'iniza kwenye kona ya meza, na lebo zikawa zinaingia humo. Kila sindano iliyopatikana iliandikiwa kikaratasi: tarehe, rangi ya mfuko, nani aliiona. Kikabanwa na lebo, kikaingia kwenye droo ya msimamizi, maana kupanda juu na fomu kulikuwa bado si mazoea yao. Kelele zilipungua chumbani. Waliochomwa walipungua pia, kwani mtu anayetazama huona ncha inayong'aa kabla haijamfikia. Watu walianza kuambiana mambo waliyokuwa wamekaa nayo miaka: kwamba mfuko fulani ni mzito kuliko inavyoruhusiwa, kwamba taa ya katikati inapepesa. Wasafishaji wa korido walikuja kuuliza wao nao wafundishwe. Hata Katibu alishuka siku moja, akasimama mlangoni na suti yake, akawakuta kimya, viganja mezani.

"Maajabu," alisema. "Nitataka ulisemee hili kwenye mkutano wa robo mwaka, mama. Mafunzo yameondoa uzembe."

Kengele hakulipenda neno uzembe, lakini aliliacha lipite, kwa sababu alikuwa bado hajafungua droo.

Aliifungua Ijumaa jioni, wenzake wakivua aproni. Sindano thelathini na moja kwa miezi mitatu. Alizipanga lebo mafungu mafungu juu ya meza iliyopanguswa. Wodi ya watoto, mbili. Wodi ya wanaume, nne. Wodi ya wazazi, sita. Wodi ya upasuaji, kumi na tisa. Alizirudia tena lebo moja moja, akitafuta alipokosea. Hakuwa amekosea. Nyingi zilikuwa na mwandiko alioujua tangu akiwa na miaka minane.

Kesho yake alasiri alikwenda kwa dada yake. Alimkuta sebuleni, kwenye cherehani, anapunguza mikono ya sare mpya. Shemeji yake alimletea chai, akaona nyuso mbili zile, akachukua kofia yake. "Nawaacha," alisema. "Mambo ya hospitali yananipandisha presha na mimi si mgonjwa."

"Dada," Kengele alianza, "sindano zinazotuchoma nimejua zinatoka wapi."

"Zinatoka wapi?"

"Kwako. Thelathini na moja, na kumi na tisa zina lebo ya wodi yako."

Dada aliondoa mguu kwenye cherehani. Hakukasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Umezihesabu."

"Nimezihesabu."

"Na wauguzi wangu umewahesabu? Zamu moja, wawili. Wagonjwa thelathini na wanane. Kasha la sindano ni moja, mwisho wa korido, na barua za kuomba mengine nimeandika tatu. Mtu yuko kitanda cha kwanza, anaitwa kitanda cha thelathini mtu anatapika damu, sindano anaiacha hapo hapo. Unataka nimfunge kamba?"

"Sitaki umfunge mtu. Nataka hayo uliyoniambia uyaseme kule juu, na mimi niweke karatasi zangu mezani. Tuwaambie pamoja."

"Tutawaambia. Baada ya usaili."

Usaili ulikuwa wa cheo cha Muuguzi Mkuu wa hospitali, na ulikuwa umebakiza wiki tatu. Dada alikuwa amekisubiri cheo hicho miaka kumi na moja. "Wanatafuta sababu ndogo tu ya kunikata," alisema. "Ukipeleka karatasi zako sasa, hakuna atakayesoma habari za makasha. Watasoma jina la wodi. Nipe wiki tatu, mdogo wangu. Nikikikalia kile kiti, wiki inayofuata kila toroli la dawa lina kasha lake. Wote mtapona, si wodi yangu tu." Akalikunja lile gauni jeupe magotini. "Nimewahi kukuomba kitu?"

Hakuwahi. Katika maisha yake yote alikuwa ametoa tu. Kengele alizirudisha karatasi ndani ya mkoba, akanywa chai iliyokwisha poa, akaaga.

Dada hakuwa mwovu, na hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Huenda angetimiza kila alichoahidi. Lakini zile wiki tatu hazikuwa zake kuziomba, wala hazikuwa za Kengele kuzitoa. Zilikuwa za watu sita wenye mikono juu ya meza, nao hawakuulizwa. Kila mtu mwenye madaraka, hata madogo kama ya droo moja, huja siku akajaribiwa kutoa sadaka kitu cha mwingine, na siku hiyo moyo wake humwambia kwamba anafanya wema.

Asubuhi zilizofuata Kengele aliendelea kuwaongoza wenzake. Viganja mezani, pumzi tatu, macho kwenye mfuko. Karatasi zilikuwa ndani ya mkoba, mkoba ulining'inia kwenye msumari nyuma yake. Aliwaambia wawe waangalifu zaidi na mifuko myekundu. Hakuwaambia ni wodi gani inayoongoza kwa sindano wala kwa nini anawaonya. Alikuwa mtulivu kabisa, na utulivu wake wa siku hizo ulikuwa uongo mtupu, hata kama ulikaa vizuri na kupumua polepole.

Siku ya tisa alichomwa Mama Pacha. Alikuwa ndiye mdogo wao kwa umri, amerudi kutoka likizo ya uzazi juma hilo hilo, pacha wake wana miezi minne na wananyonya. Sindano ilipita kwenye glavu ikaingia kwenye nyama ya kiganja. Hakupiga kelele. Alifanya kama alivyofundishwa: alisimama, akavuta pumzi, akatazama.

"Naona damu," alisema. "Naona sindano ndefu, ina damu ndani yake, si yangu. Lebo ni ya upasuaji." Akaivua glavu. "Kengele, droo unayo wewe. Hii ya upasuaji ni ya ngapi?"

Kengele angeweza kusema atatazama. "Ya ishirini," alisema.

"Kati ya ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Ulijua?"

"Nilijua. Leo siku ya tisa."

Mashine zilikuwa zinazunguka. Wa kwanza kusema alikuwa Betri, na hakuwa na utani wowote. "Siku tisa unatupumulisha tu?"

Kengele alimshika Mama Pacha mkono, akamwosha chini ya bomba, akapanda naye ngazi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa fomu ile kujazwa kila mstari. Kwa kuwa wodi ilijulikana, na sindano ndefu kama ile ilikuwa imetumiwa kwa mgonjwa mmoja tu, mgonjwa alijulikana, na daktari akajua la kufanya saa hiyo hiyo: vidonge vya mwezi mzima vya kuzuia maambukizi, na vipimo vya kurudia mpaka miezi sita ipite. Daktari alimweleza kwa upole. Mama Pacha alisikia nusu. Hofu ilimshika hata akakataa kuwaweka watoto kifuani, na wiki hiyo akawaachisha.

Kutoka hapo Kengele alipanda ghorofa ya pili, akamkuta dada yake kwenye kabati la dawa.

"Amechomwa mama wa watoto wachanga," alimwambia. "Sindano ni ya kwako. Kesho kwenye mkutano nitasoma karatasi zote. Nimekuja kukwambia usije ukashtukia."

Dada alifunga kabati, akazungusha ufunguo mara mbili. "Zimebaki siku kumi na mbili."

"Najua."

"Basi ukiingia kwenye ukumbi ule, usiniite dada."

Mkutano wa robo mwaka ulikuwa wa wakuu wa idara zote, na Katibu alikuwa ameupanga uanze kwa furaha. Alimsimamisha Kengele mbele, akamwekea mkono begani. "Huyu mama mnamjua. Alikuwa moto. Leo ni maji ya mtungi." Wakacheka. "Tangu apate mafunzo, malalamiko kutoka chumba cha kufulia ni sifuri. Sifuri! Atatuongoza dakika mbili za utulivu, kisha atatushuhudia."

Aliwaongoza. Watu arobaini walifumba macho, wakavuta pumzi, wakasikia feni ya dari na viti vinavyolia. Walipofumbua, alikuwa ameshika karatasi.

"Malalamiko yamekuwa sifuri miaka yote, kwa sababu tulikuwa tunanyofoa lebo," alisema. "Sasa hatunyofoi." Akasoma. Wodi, tarehe, rangi ya mfuko, sindano. Hakuongeza neno uzembe wala neno aibu. Alipofika kwenye ya kumi ya upasuaji, Katibu alinyanyuka.

"Mama, hebu vuta pumzi kwanza. Haya mambo tutayaweka vizuri ofisini."

"Nimeshavuta, Katibu. Ndiyo maana nasoma polepole."

Akamaliza. Mwisho wa safu ya tatu dada yake alisimama, sare imenyooka, uso mkavu.

"Wodi ni yangu," alisema. "Barua tatu za kuomba makasha ya sindano niliandika, nakala ninazo, na Katibu anazo. Hilo liandikwe. Na liandikwe pia kwamba huyu anayesoma alinijia siku kumi zilizopita, nikamwomba anyamaze, akanyamaza. Watu wawili walijua. Msimwandike mmoja."

"Ni kweli," Kengele alisema. "Nilinyamaza siku tisa. Mama Pacha alichomwa siku ya tisa."

Kisha mkuu wa wodi ya wazazi, mwanamke mnene asiyependa mikutano, akasema, "Na mimi nina sita. Nami kasha langu liko mwisho wa korido." Wa wodi ya wanaume akasema lake. Hapo Katibu akaketi, akaanza kuandika, kwa kuwa sasa walikuwa wengi.

Ndani ya mwezi mmoja kila toroli la dawa lilikuwa na kasha la sindano ubavuni. Lebo ikawa na saini ya aliyefunga mfuko. Wachambuaji wakapewa kiti katika kamati ya usalama, na wakamchagua Betri, ambaye huko juu hazimiki asubuhi wala mchana. Miezi mitatu iliyofuata zilishuka sindano nne kutoka hospitali nzima. Mafunzo hayakufutwa, ila mkufunzi aliweka sharti kwamba kila kundi limalize kwa kuandika lilichokiona na nani anapaswa kukirekebisha, na karatasi hiyo ibandikwe ukutani wazi. Sharti hilo lilikuwa la haki. Wako wanaoyatafuta mafunzo ya namna hii ili mfanyakazi awe mto wa kulalia, akandamizwe bila kutoa sauti. Mtu akituliza akili yake asije akaona dhuluma iliyo mezani kwake, amejifunza kulala akiwa amesimama, na hana la kujivunia.

Kengele alivuliwa usimamizi kwa kuficha taarifa. Alikubali kwamba amestahili, akavaa glavu, akasimama mezani pamoja na wengine. Baada ya miezi sita vipimo vya mwisho vya Mama Pacha vilionyesha hana ugonjwa. Wamesimama meza moja tangu siku hizo, na Mama Pacha humsemesha habari za kazi tu.

Cheo cha Muuguzi Mkuu alipewa mtu kutoka hospitali nyingine. Dada aliomba uhamisho, akapata, akafunga nyumba na kuondoka na mumewe siku ambayo Kengele alikuwa zamu. Shemeji ndiye aliyepiga simu baadaye kusema wamefika salama, hakupiga tena. Binti yao aliolewa mwaka uliofuata, na Kengele alipata habari kwa mfamasia. Imepita miaka minne. Alikuwa na ndugu mmoja duniani, aliyemlea. Sasa hana.